Paka wa Ghala na Motokaa ya Bwana Kioo

Benchi letu ni ubao wa sanduku. Si sanduku lolote, ni lile lililoleta motokaa ya Bwana Kioo kwa gari la moshi kutoka pwani, na ubao wenyewe bado una herufi nyeusi za Kidachi ambazo hakuna kati yetu anayejua zinasema nini. Umewekwa juu ya mawe mawili kando ya ukuta wa ghala la mtama, hatua chache kutoka stesheni ya Dodoma, mahali ambapo upepo wa Julai ukikukuta unacheka unakujaza vumbi mdomoni. Mimi ni Shaaban, mwenye birika, na wenzangu wananiita Birika hivyo hivyo. Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, na gari la moshi la kutoka Tabora lilitazamiwa saa kumi. Ndani yake alikuwamo Bwana Kioo. Sitaki kuwadanganya: tuliogopa sote, na kahawa ilikuwa inakwisha upesi kuliko siku nyingine.

Mwenzetu Zaidi alitoka kwenye banda la jirani akipangusa mikono kwenye msuli wake. Yeye ndiye mlinzi wa ile motokaa.

— Zimeongezeka, akasema. Jana alama za kucha zilikuwa tisa. Leo kumi na nne.

— Upande gani? akauliza Hassani, tunayemwita Mvuke kwa sababu aliwahi kuchochea moto kwenye gari la moshi kwa miezi mitatu, na tangu hapo hakuna mashine asiyoijua.

— Mlangoni. Pale pale.

Hakuna aliyeuliza pale pale ni wapi. Bwana Kioo ni Mdachi anayepima mashamba, na kila asubuhi husimama mbele ya mlango wa motokaa yake, akatoa kitana kidogo mfukoni, akachana sharubu zake huku akijitazama kwenye ile rangi nyeusi. Kioo cha kweli anacho nyumbani. Lakini anapenda hicho cha mlangoni. Alipokwenda Tabora, siku tisa zilizopita, alimwambia Zaidi kwa kinywa cha karani wake: nikirudi nataka nizione sharubu zangu hapa, unywele mmoja mmoja. Nisipoziona, utakwenda bomani kula hamsa ishirini.

Viboko ishirini na vitano. Mtoto wa Dodoma anavijua hivyo kabla hajajua kuhesabu.

Na Zaidi alikwisha kuvionja. Mwaka juzi upepo uliangusha taa ya stesheni ikavunjika, na ilibidi apatikane mtu. Tangu siku ile hakuwahi kuegemea ukuta. Sisi sote tunakaa kwenye benchi tumeegemea ghala, yeye anakaa wima kama yuko mbele ya mkubwa. Mganga aliyemfunga dawa alimwambia mgongo ule haufai kuguswa tena. Hakufafanua, na Zaidi hakuomba afafanuliwe.

— Nipe kahawa, Birika.

Nikamimina. Akanywa amesimama.

— Sasa tukae tufikiri, akasema Mvuke. Saa mbili ni nyingi. Paka wanataka nini kwenye chuma? Joto tu. Mashine ile hata ikizimwa, ndani bado kuna moto umelala. Paka anausikia, anakwaruza apate mlango wa kuingilia.

— Haijawashwa siku tisa, akasema Zaidi.

— Moto wa Kidachi huo. Unakaa.

— Nimelala juu yake usiku wa kuamkia jana ili kuwazuia. Baridi ilinila mpaka kwenye mifupa. Nikasinzia kidogo tu, nikaamka nikakuta alama mpya karibu na kichwa changu.

Mvuke akapuliza kikombe kilichokwisha kupoa.

Utauliza kwa nini hawakuuawa paka wenyewe. Wale si paka wa mtu hivi hivi. Ni paka wa ghala, waliletwa na bwana mwingine, mwenye mtama, wawinde panya, na kila mmoja amefungwa utepe mwekundu shingoni. Mpagazi mmoja alimpiga teke mmoja wao, akalala korokoroni siku tatu. Kwa hiyo ukimgusa paka ni boma, na paka akiigusa motokaa ni boma. Turubai la kufunikia nalo Bwana Kioo alilichukua akafanyie hema. Zaidi aliachiwa banda lisilo na kuta, na paka saba wenye bwana wao.

— Mimi nimeshawaambia, lakini hamsikii, akasema Bartolomayo.

Huyu ni Kitabu. Alisoma misheni miaka miwili, na hatembei bila kitabu kwapani hata akienda kuoga mtoni.

— Umetuambia nini?

— Ile rangi ni kioo, sivyo? Bwana anajiona. Basi na paka anajiona. Anafika pale, anamwona paka mwenziwe mweusi, amevaa utepe kama yeye, amemkodolea macho. Lazima wapigane.

Tukatazamana. Lilikuwa neno la maana, na hilo lilitupa moyo kidogo.

— Basi tuipake tope, akasema Mvuke. Wasijione.

— Na Bwana naye atajionaje? akauliza Zaidi.

— Tutaiosha akikaribia.

— Tope la hapa lina mchanga. Mtanimaliza nyie.

Hakukosea. Dawa zetu zote tangu Jumatatu zilimrudia yeye. Kitabu alileta pilipili ya kusaga tukainyunyiza kuzunguka magurudumu, upepo ukaigeuza yote ikaingia machoni mwa Zaidi, akashinda na kitambaa usoni. Mvuke alisema tuzungushie miiba ya mgunga. Tukazungushia, na tulipoitoa, mwiba mmoja ukaacha mstari wake mwenyewe kwenye bawa la gurudumu la nyuma. Sila alileta mbwa wake mkali, yule aliyewahi kumkimbiza fisi. Mbwa alifungwa pale kutwa nzima, na kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuulamba mlango, mpaka ulimi ukakauka akaanza kulia apewe maji.

— Yule mbwa alikuwa anaomba radhi, akasema Sila.

Sila ni mfugaji wa Kigogo, mwenyeji wetu hapa, jina lake la utani Ndama kwa sababu hamalizi maneno matatu bila kutaja ndama wake.

— Radhi kwa nani?

— Kwa huyo mnayemwita motokaa. Mimi sikutaka kusema. Lakini leo asubuhi nilipita bandani nikainama, nikautazama mkwaruzo mmoja kwa karibu. Nje kweusi. Ndani mnajua kukoje?

— Kukoje?

— Kwekundu.

Nikaweka birika chini.

— Acha hizo, Ndama! akasema Mvuke.

— Nenda kaangalie mwenyewe. Ngozi nyeusi, chini yake kwekundu. Nimechuna ng'ombe tangu nikiwa mdogo, najua ngozi inavyokatika. Hicho si chombo. Hicho kimelala tu. Paka wanajua, mbwa amejua, sisi tu ndio tunakaa hapa tunakunywa kahawa juu ya ubao wa kitanda chake.

Mvuke akainuka ubaoni. Akakaa tena, lakini ukingoni, nusu ya kitako.

Leo najua kwamba mafundi wa huko kwao hupaka rangi nyekundu kwanza, ndipo nyeusi ikafuata juu. Nilikuja kuambiwa miaka mingi baadaye na mtu wa gereji. Siku ile hakukuwa na mtu wa gereji. Tuliondoka sote tukaenda bandani kwa mstari mmoja, Zaidi mbele, na hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho.

Ilikuwa kweli. Mlango uling'aa, na katikati yake, pale ambapo sharubu za Bwana hukaa, palikuwa na mistari myembamba, na ndani ya mistari palikuwa pekundu.

— Mola wangu, nikasema.

— Ngojeni, akasema Kitabu. Akasogeza uso karibu. Midomo yake ikaanza kutembea kama anavyofanya akisoma.

— Unasoma nini wewe? Paka hawaandiki.

— Nahesabu. Hapa juu kucha zimepita mbili. Mbili peke yake. Halafu nafasi. Halafu hapa, moja, mbili, tatu, nne... tano.

— Eh?

— Mbili na tano.

Hakuna aliyeuliza maana yake. Kwa tarakimu, mbili na tano ni ishirini na tano, kila mtu alikwisha kujua, na aliyejua kuliko wote alikuwa Zaidi. Alipeleka mkono nyuma ya bega lake, akajigusa juu ya shati, taratibu, kama mtu anayetazama iwapo mlango wa nyumba yake bado umefungwa. Nilimwonea huruma. Na chini ya ile huruma, niseme ukweli, kulikuwa na kitu kingine kidogo kilichokuwa kinaninong'oneza kwamba afadhali yeye.

— Wamemhukumu, akanong'ona Mvuke.

— Nani wamemhukumu? Paka?

— Paka kitu gani! Fikiri, Birika. Bwana mwenye mashine kama ile, anaweza kwenda Tabora siku tisa akaiacha na mtu mmoja na banda lisilo na kuta? Huyu ametuachia mtego. Wale paka ni macho yake. Kila usiku wanakuja, wanatazama, wanaandika. Yeye kule Tabora ana habari zote. Ana habari hata ya hiki kikao.

Tukainua vichwa. Kwenye dirisha la ghala alikuwa amekaa paka mmoja wa kijivu, na utepe wake mwekundu, ametutazama bila kupepesa. Kitabu akavua kofia. Sijui kwa nini. Nami nikajikuta nimeinamisha kichwa.

— Kama ni mnyama amejeruhiwa, akasema Sila kwa sauti ya chini, anapozwa. Ndama akiumia hatumwachi hivi hivi na huu upepo. Mpake tena, Zaidi. Mpake sana leo. Pengine atanyamaza mbele ya mwenyewe.

— Kweli, akasema Kitabu.

— Mpake, akasema Mvuke.

Nami nikasema mpake.

Zaidi akachukua kibuyu kilichoning'inia kwenye nguzo, akamimina kwenye kiganja, akaanza kuupaka mlango kwa mikono yote miwili, kwa upole, akiuzunguka kila mkwaruzo. Kule dirishani paka wa kijivu akasimama. Akaja wa pili. Akaja wa tatu.

— Mnaona? akasema Mvuke, na sauti yake ikapasuka. Mnaona wanavyoandamana?

Tukarudi kwenye benchi karibu tukimbie. Kivuli cha ghala kilikuwa kimefika relini, nami najua kivuli kikifika relini ni saa tisa na nusu. Nikatikisa birika. Lilikuwa na vikombe viwili, vitatu kwa kubana.

Ndipo akatokea yule mama. Alitoka njia ya Mvumi, amejitwisha kikapu, vumbi mpaka kwenye kope. Akasimama upande wa kivuli, akashusha mzigo.

— Mbukwenyi, akatusalimu.

— Mbukwa, akajibu Sila, nasi tukaitikia. Karibu mama. Unatoka mbali?

— Mvumi. Naitwa Dorkasi. Namngoja kaka yangu, yumo kwenye gari la moshi la Tabora. Nimechelewa?

— Bado. Kaa.

Nikampa kikombe. Akanywa kidogo, kisha akakiweka chini, akainua pua kama mtu aliyeitwa jina.

— Nani anapika hapa?

— Hakuna anayepika, nikasema.

— Mbona kunanukia samli?

Dorkasi akafuata pua yake mpaka bandani, tukamwona akiinama mbele ya motokaa, akapitisha kidole mlangoni, akakinusa, akakilamba. Zaidi alikuwa amesimama kando na kibuyu. Paka wawili walikuwa wamekwisha kupanda juu ya bawa la gurudumu, na wa tatu amesimama kwa miguu ya nyuma, kucha zimeshika mlango, analamba kwa bidii kama mtoto aliyepewa sufuria. Dorkasi akawafukuza kwa upande wa kanga. Akarudi.

— Ni samli nzuri, akasema. Samli ya ng'ombe, mpya. Kaka zangu, mnawapakulia paka?

Nataka mnielewe. Hapa Dodoma kiangazi kinapasua kila kitu. Kinapasua midomo, visigino, mipini ya majembe, ngozi ya ngoma, ngozi ya kulalia. Na kila kinachopasuka dawa yake ni moja, unakipaka samli. Hakuna anayefundishwa jambo hili, unazaliwa unapakwa, unakufa unapakwa. Siku Bwana Kioo alipoondoka, Zaidi alikaa hapa kwenye benchi akalalamika kwamba upepo utaipasua ile rangi na Bwana hatajiona. Ikasemwa papo hapo: ipake samli. Tukamsifu aliyesema. Kibuyu kikatafutwa. Motokaa ikang'aa hata tukapiga makofi, na Zaidi akacheka, nami sikuwa nimemwona akicheka tangu mwaka juzi. Kila asubuhi akaipaka upya, kwa uaminifu, kama mtu anavyompaka mtoto wake.

Paka walianza siku ya tano. Na sisi tukaanza kuzungumza habari za moto uliolala, na damu, na tarakimu.

— Mama, akasema Mvuke, hili jambo ni zito kuliko unavyoliona. Hao paka...

— Hao paka wanakula, akasema Dorkasi. Paka akiwekewa chakula ukutani, atapanda ukuta. Ninyi ni watu wazima.

— Na zile alama? akauliza Kitabu. Mbili na tano?

— Wanateleza. Mafuta hayo. Wakiteleza wanashika kwa kucha.

Kitabu akakitazama kitabu chake, akakihamishia kwapa la pili.

— Iosheni kwa maji ya moto na majivu, akasema Dorkasi, hawatarudi tena.

— Na alama zilizokwisha kuwapo? akauliza Zaidi.

Hapo Dorkasi aliinua uso. Akamtazama Zaidi, akaona jinsi alivyosimama, na nadhani alielewa, kwa sababu sauti yake ikabadilika.

— Nani aliwaambia chuma kinapakwa samli?

Mvuke akaangalia kikombe. Kitabu akaangalia reli. Sila akachora kitu mchangani kwa fimbo yake, akakifuta kwa kidole cha mguu. Jibu walikuwa nalo wote, lakini kulitoa ni kumtaja mtu, na anayemtaja mtu huulizwa na yeye alikuwa wapi.

Zaidi hakumtazama yeyote. Alikuja akakaa mahali pake, halafu akafanya jambo ambalo hatukuwahi kumwona akifanya. Aliegemea ukuta. Pole pole, kwanza bega, kisha mgongo wote, akafumba macho, akakaa hivyo kama anataka kuusikia mgongo wake wakati bado ni mzima.

— Bwana akiuliza, akasema, nitamwambia nililifikiri mwenyewe.

— Zaidi, nikasema.

— Nimesema.

Honi ya gari la moshi ikalia kutoka upande wa Tabora, mbali, mara moja, kisha ya pili karibu zaidi. Dorkasi akajitwisha kikapu akaenda kumpokea kaka yake. Mvuke akakumbuka kwamba ana mgonjwa nyumbani. Kitabu hakukumbuka chochote, aliondoka tu. Sila alisimama kidogo, akamshika Zaidi bega kwa ncha za vidole, kisha naye akafuata njia ya ng'ombe wake bila kugeuka.

Nikamimina kilichobaki. Kilitoka kikombe kimoja chenye machicha mengi. Nikampa Zaidi, akakipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini, akanirudishia, nikakisuuza pamoja na vingine.

— Kahawa yako ilikuwa nzuri leo, Birika, akasema.

Akasimama, akanyoosha shati, akaanza kuelekea stesheni. Moshi ulikuwa umekwisha kuonekana juu ya miti ya migunga.

Nina umri mkubwa sasa, na mgongo wangu haujaguswa na kiboko hata mara moja. Siku ile nilikuwa na umri wa miaka hamsini, na nilikuwa nimekwisha kuupenda hivyo, mzima. Neno lilikuwa limefika kinywani. Ni mimi, Bwana. Mimi, Shaaban, niliyesema ipakwe samli, na kibuyu ni changu, kilitoka nyumbani kwangu. Maneno machache tu hayo. Niliyasema yote moyoni, kwa mpangilio, na miguu yangu ikabaki pale pale.

Zaidi alipofika relini aligeuka kutazama benchi. Hakuita. Alitazama tu.

Nikainama haraka nikaanza kusuuza vikombe. Vilikuwa vimekwisha kusuuzwa vyote.